Pua imefunga, macho inawasha: kuchanganya dawa za aleji bila kujiumiza

Kama unaishi upande huu wetu wa Nakuru unajua kuna miezi pua inageuka bomba. Mvua ya Machi ikianza nyasi zinachipuka, baadaye zinatoa maua, halafu mahindi nayo yanatoa mbelewele, na kuelekea mwisho wa mwaka kombaini zinaingia mashamba ya ngano kule Njoro na Mau Narok, makapi yanapeperuka mpaka barabarani. Januari sasa ni vumbi tupu, na hata jina lenyewe Nakuru wanasema ni la Kimaasai, mahali pa vumbi, kwa hivyo hatuwezi sema hatukuonywa.

Mimi si daktari. Niko stoo ya nafaka nahesabu magunia, na hii pua imenipeleka kemisti mara nyingi kuliko nilivyopelekwa kanisani. Nimekosea karibu kila kitu kinachoweza kukosewa na hizi dawa, na dadangu mkubwa ambaye ni mfamasia amenigombeza mpaka nikaelewa. Mkishika kitu moja tu hapa, mshike hiki: dawa ya aleji na dawa ya kufungua pua ni dawa mbili tofauti, moja unaweza meza msimu mzima, ile nyingine ni ya siku chache tu. Watu wengi wanazichukulia kama kitu kimoja juu zinauzwa ndani ya boksi moja, na hapo ndio shida inaanzia.

Kabla hujanunua chochote jua kwanza unaumwa na nini. Swali langu ni moja tu: inawasha? Kama macho inawasha, kaakaa inawasha mpaka unaikwaruza na ulimi, unapiga chafya kumi mfululizo na makamasi ni maji maji kama ya bomba, hiyo ni aleji. Kama mwili unauma, kuna joto, koo linachoma na makamasi yanakuwa mazito baada ya siku chache, hiyo ni homa ya kawaida na inaenda yenyewe. Na kama pua imefunga tu baada ya kufagia stoo, hakuna kuwashwa hakuna nini, pengine ni vumbi limekuchokoza, na vumbi likichokoza pua dawa ya aleji haikusaidii sana, unahitaji kuosha pua na kuvaa maski wakati unafanya kazi. Kwa njia, wengi hapa mjini wanalaumu jakaranda zikichanua. Jakaranda ni maua ya nyuki, chavua yake ni nzito na inanata, hairuki mbali. Zile zinakumaliza ni nyasi, hazina maua ya kupiga picha lakini chavua yake inabebwa na upepo mpaka kwa kitanda chako.

Sasa dawa yenyewe. Ukivuta chavua, mwili wako ukidhani ni adui unamwaga kemikali inaitwa histamini, na hiyo histamini ndio inaleta kuwasha, chafya na makamasi ya maji. Dawa za aleji, kwa boksi zinaitwa antihistamini, zinaizuia isifanye kazi. Ziko za aina mbili. Kuna za zamani kama klorofeniramini, ile wengi wetu tunaijua kama Piriton, kidonge kidogo cha miligramu 4, mtu mzima anameza kila saa nne mpaka sita, isizidi miligramu 24 kwa siku. Inafanya kazi, ni bei rahisi, lakini inalaza. Hii si mzaha. Kama wewe ni wa bodaboda ama unaendesha lori kupita Salgaa, barabara ambayo imeshaua watu wengi bila usaidizi wa Piriton, usiimeze kabla ya safari, na usiichanganye na pombe. Wazee nao inawakausha mdomo, inawazuia kukojoa vizuri, wengine hata inawachanganya akili.

Za kisasa ni setirizini miligramu 10, loratadini miligramu 10, na feksofenadini, kidonge kimoja kwa siku na basi. Hazilazi kama za zamani, ingawa setirizini wengine inawalewesha kidogo kwa hivyo mimi naimeza usiku. Loratadini na feksofenadini ndio afadhali kwa dereva. Feksofenadini ina kasoro moja: usiimeze na juisi ya machungwa ama ya tufaha, juisi inazuia dawa isiingie vizuri mwilini, tumia maji. Hizi za kisasa ukimeza kila siku kwa msimu hakuna neno kwa watu wengi, na kwa kweli zinafanya kazi vizuri ukimeza kila siku kuliko ukingoja mpaka macho yavimbe.

Lakini zina udhaifu. Kuwasha zinamaliza, chafya zinapunguza, makamasi yanakauka, ila ile kufunga pua kabisa, ile ya kulala mdomo wazi kama samaki wa Kisumu sokoni, hiyo haziiwezi sana. Juu pua haifungwi na makamasi peke yake, inafungwa na mishipa ya damu ndani ya pua iliyovimba. Hapo ndio inaingia dawa ya pili, ya kufungua pua, kwa boksi wanaiita dikonjestanti. Hii inaminya ile mishipa, uvimbe unashuka, hewa inapita. Iko ya kumeza na iko ya kupuliza.

Ya kumeza inayofanya kazi ni sudoefedrini, kwa boksi utaiona imeandikwa pseudoephedrine. Mtu mzima ni miligramu 60 kila saa nne mpaka sita, isizidi miligramu 240 kwa siku nzima. Tatizo ni kwamba haiminyi mishipa ya pua peke yake, inaminya ya mwili mzima, na inaharakisha moyo. Hapa ndio nilikosea vibaya. Mamangu alikuja kututembelea kutoka Bahati, pua imefunga, mimi na ujuaji wangu nikampa kidonge changu. Usiku mzima hakulala, anasema moyo unapiga kama ngoma, asubuhi tukampeleka kupimwa presha ikawa iko juu sana, na alikuwa anameza dawa ya presha miaka yote hiyo na mimi nilijua. Dadangu alinipigia simu, na sitaandika hapa maneno aliyotumia.

Kwa hivyo kabla ya kumeza dawa ya kufungua pua, pitia hii orodha kichwani bila kujidanganya. Una presha? Una shida ya moyo, ama uliwahi kupata stroki? Figo? Dundumio yako, ile tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi, ama una kisukari? Wewe ni mzee wa kiume na mkojo unatoka kwa shida juu ya tezi ya kiume? Una presha ya macho? Unameza dawa za mfadhaiko, hasa zile za zamani za kundi la MAOI, ama dawa ya TB sugu inaitwa linezolidi? Ukijibu ndio kwa lolote, acha ya kumeza, ongea na mfamasia ama daktari kwanza. Kama hujui presha yako, kemisti nyingi zinapima, dakika tano tu. Ikitokea 140 kwa 90 ama zaidi, rudisha pesa mfukoni. Mwaka wa 2024 wakubwa wa dawa kule Ulaya waliongeza onyo kwamba sudoefedrini isipewe mtu mwenye presha kali ama isiyodhibitiwa wala mwenye ugonjwa mbaya wa figo, juu kuna wachache waliopata shida ya mishipa ya ubongo. Ni nadra lakini ukimeza halafu uumwe kichwa ghafla kupita kawaida, utapike, macho yaone giza, hiyo ni kwenda hospitali, si kungojea.

Na kitu kingine ambacho hakiandikwi kwa boksi: miraa na muguka. Hizo zinasukuma moyo upande ule ule. Ukitafuna na umemeza sudoefedrini unausukuma moyo mara mbili. Kahawa nyingi na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vivyo hivyo, ingawa kikombe cha chai hakitakuua.

Haya, sasa tuchanganye. Kuchanganya kwenyewe hakuna ubaya, kwa mtu mwenye afya hizi mbili zinaenda pamoja na zinasaidiana, moja inashika kuwasha, nyingine inafungua njia. Ujanja ni vile unapanga. Mimi nanunua kando kando, dawa ya aleji yake na ya kufungua pua yake, sinunui za boksi moja. Sababu ni kwamba ile ya aleji nitaitumia wiki sita, ile ya pua nitaitumia siku tatu nne tu zile mbaya, sasa nikinunua mchanganyiko nalazimika kumeza zote siku zote hata siku pua iko sawa. Siku yangu mbaya inaenda hivi: jioni setirizini moja, kila jioni, iwe pua imefunga ama haijafunga. Asubuhi nikiamka nimefunga, naosha pua na maji ya chumvi kwanza, nikiona bado ndio nameza sudoefedrini moja baada ya chai, na nikihitaji nyingine ni saa sita ama saa saba mchana, si zaidi ya hapo. Ukimeza saa kumi na moja jioni utahesabu mabati ya nyumba mpaka alfajiri. Siku ya tatu ama ya nne nikipata nafuu naiacha, setirizini inaendelea.

Kama lazima ununue za boksi moja, zipo. Actifed ni ya zamani, ina tripolidini na sudoefedrini, na tripolidini ni ya kundi la kulaza kwa hivyo hesabu zile zile za dereva. Clarinase ni loratadini na sudoefedrini ya kuachia polepole, hiyo ni mara mbili kwa siku, na usiivunje wala kuitafuna, meza nzima, ukiivunja dawa ya saa kumi na mbili inaingia yote kwa mpigo. Ukiona jina la dawa ya aleji lina herufi D nyuma yake, hiyo D ndio dawa ya kufungua pua, kwa hivyo usiongeze kidonge kingine cha kufungua pua juu yake. Makosa ya namna hii ndio mengi kabisa: mtu anameza Actifed, halafu zile kapsuli za homa za kununua mbili mbili dukani, halafu usiku sirapu ya kikohozi, na zote tatu ndani zina dawa ya aleji ya kulaza, mbili zina ya kufungua pua, na ile kapsuli ina paraseta ambayo tayari alikuwa anameza ya kichwa. Paraseta isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge nane vya 500, na hiyo ni pamoja na ile iliyojificha kwa kapsuli. Geuza boksi. Soma ile ya maandishi madogo. Kama umenunua vidonge viwili vilivyokatwa kutoka kwa karatasi na hakuna jina, uliza jina na uliandike kwa simu.

Halafu fenilefrini. Hii imejaa kwa dawa nyingi za homa siku hizi kama dawa ya kufungua pua. Mwezi wa Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA, wakubwa wa dawa kule Marekani, lilikaa likakubaliana wote kwamba fenilefrini ya kumeza kwa kipimo cha kawaida haifungui pua, na Novemba 2024 FDA wenyewe wakapendekeza itolewe kwa orodha ya dawa hizo. Haikuwa sumu, haifanyi tu kazi. Kwa hivyo kama umemeza kapsuli ukaona pua bado, si lazima uongeze ya pili, soma kwanza kama iliyo ndani ni fenilefrini. Unalipia jina tu.

Ya kupuliza sasa, na hapa nitakaa kidogo juu ndio iliyonimaliza. Spre kama Otrivin, ndani ni zailometazolini, ama ndugu yake oksimetazolini, inafungua pua ndani ya dakika chache na inakaa masaa mengi. Haiingii sana kwa damu kama ya kumeza, ingawa mwenye presha bado aulize. Ni tamu sana ile kupumua. Na ndio mtego. Mwaka ule nilipuliza wiki ya kwanza mara mbili kwa siku, wiki ya pili mara tatu, mwezi wa pili nilikuwa natembea nayo mfukoni kama simu, nikiisahau nyumbani narudi na matatu kuichukua. Nilikuwa nafikiri aleji yangu imekuwa mbaya. Kumbe msimu ulikuwa umeisha zamani, pua ilikuwa inafungwa na spre yenyewe. Mishipa ikiminywa kila siku inazoea, dawa ikiisha inavimba kuliko mwanzo, unapuliza tena, inavimba tena, ni kama deni la simu, unalipa unakopa. Inaweza kuanza hata baada ya siku tatu za kupuliza, kwa hivyo sheria ni siku tatu, ukizidi sana tano, halafu chupa inakaa kabatini. Mimi sai naandika tarehe ya kufungua kwa chupa na kalamu ya maka, juu kichwa changu hakihesabu siku kikiwa kinapumua vizuri.

Kama tayari umenasa, usijilaumu, kuna njia ya kutoka. Dadangu alinipa spre ya steroidi ya pua, nikaanza kupuliza pande zote mbili, halafu nikaacha Otrivin tundu moja kwanza, la kulia, huku la kushoto nikiendelea. Wiki ya kwanza tundu la kulia lilikuwa kama limezibwa na simiti. Baada ya kama wiki moja na nusu likafunguka lenyewe, ndio nikaacha la pili. Angalau nilikuwa na tundu moja la kulalia.

Hizo spre za steroidi, flutikazoni, mometazoni, beklometazoni, ndio kwa kweli nguvu zaidi kwa aleji ya pua kuliko vidonge vyote nimetaja, na zinasaidia hata kufunga pua bila ule mtego. Steroidi ya pua si ile ya kujenga misuli, msiogope. Shida ni kwamba hazina haraka, zinaweza chukua mpaka wiki mbili ndio uone nguvu yake yote, na watu wanapuliza siku mbili wanasema haifanyi. Na wengi wanapuliza vibaya. Inamisha kichwa mbele kidogo, usiangalie juu, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, elekeza upande wa sikio si katikati ya pua, vuta pole pole. Ukivuta kwa nguvu inashuka kooni unaimeza. Ukielekeza katikati pua inatoka damu. Kama unameza setirizini kila siku, wiki ya pili bado pua imefunga, usiongeze sudoefedrini wiki ya tatu, uliza hii.

Maji ya chumvi ni rahisi na yanaenda na dawa zote. Kikombe cha maji, kama mililita 240, chumvi robo mpaka nusu kijiko cha chai. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, si ya bomba wala ya tangi moja kwa moja, kuna vijidudu vya maji ambavyo tumboni havina shida lakini puani ni hatari kabisa. Osha kabla ya spre, si baada, la sivyo unaosha dawa.

Watoto ni kando. Chini ya miaka sita usimpe dawa ya kufungua pua ya kumeza, hata robo kidonge. Matone ya maji ya chumvi yanatosha, na dawa ya aleji apewe ya watoto kwa kipimo cha umri na uzito, si kukata ya mama. Mwenye mimba, hasa miezi mitatu ya kwanza, asimeze sudoefedrini, na anayenyonyesha ajue inaweza kupunguza maziwa. Aulize kliniki, ziko za aleji zinazofaa. Na wanariadha, kwa vile hapa juu kila asubuhi mko barabarani: sudoefedrini iko kwa orodha ya dawa zilizokatazwa ya WADA, wale wa kupambana na dawa haramu michezoni, siku ya mashindano, ikipita maikrogramu 150 kwa mililita moja ya mkojo umekamatwa, na jaji hajali kama ilikuwa pua tu. Setirizini na loratadini haziko kwa orodha.

Kuna wakati haya yote hayatoshi na si ya kemisti tena. Ukianza kukorota kifuani, kifua kubana, kukosa pumzi usiku, hiyo inaweza kuwa pumu imekuja na aleji, zinatembea pamoja sana. Midomo ama uso kuvimba ghafla na pumzi kuisha ni hospitali saa hiyo hiyo. Uso kuuma, makamasi ya kijani upande mmoja, joto, na imepita siku kumi, ama pua inatoa damu mara kwa mara, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Mwisho ni wakati wa kuanza. Kama unajua msimu wako, anza kidonge cha aleji wiki moja ama mbili kabla, wala usingoje macho yaanze. Mimi naanza yangu kombaini ya kwanza ikipita barabara ya Njoro, na kila mwaka tayari nimechelewa.